Mlango Unaotazama Magharibi

Kaka yangu Adérito ameandika kutoka Porto:
“Ung’oe. Weka wa alumini. Fundi anakuja Jumanne.”
Sikumjibu. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri,
jua halijapata habari kwamba Serpa ipo,
nikauchomoa mlango wa mama kwenye bawaba zake
nikaulaza uani, juu ya viti vinne vya jikoni.

Ni mwaloni. Una miaka sitini na mitatu,
miwili zaidi yangu,
na kila alasiri ya miaka hiyo
umesimama uso kwa uso na jua la Alentejo,
jua lisilobisha hodi.

Mwaka jana nilikosea.
Nilinunua vanishi angavu, inayong’aa kama sahani za wageni,
nikaipaka saa kumi jioni, mlango ukiwa moto haugusiki.
Ikakauka juu kabla mti haujainywa.
Kufika Krismasi ilikuwa inabambuka
kama mgongo wa mtalii.
Hermínio wa karakana akapita, akaukwaruza kwa ukucha,
akatazama ukucha.
“Umeuvalisha nailoni,” akasema, “jua linamwona mtu mzima.
Mti unataka rangi ndani ya mafuta. Kivuli cha kunywa.”
Akaenda zake. Hakuniaga.

Basi leo natia msasa,
kwanza wa kukwaruza, kisha wa kubembeleza,
nikifuata nyuzi za ubao, sizikati.
Kijivu kinatoka kama majivu ya jiko la jana,
na chini yake, polepole, asali.
Sehemu ya chini ndiyo iliyochoka zaidi:
upenu hukinga kichwa,
miguu hujitegemea.

Kisha nikafungua skrubu za kigongeo,
ule mkono mdogo wa chuma unaoshika tufe,
na chini yake
nikakuta mkono mwingine.
Mweusi-mweusi, wa mwaloni mbichi,
kifundo na vidole vimekaa mahali pake,
rangi ileile aliyoiona mama
siku mlango ulipoletwa kwa mkokoteni,
yeye ana mimba ya Adérito.
Miaka sitini na mitatu jua limeutafuna mlango mzima
na halikuweza kupenya chini ya kiganja kimoja.

Kahawa ilipoa.
Ningeusugua nao, ubao ukawa rangi moja;
ndivyo ifanywavyo kazi safi.
Nimeuzunguka.

Mafuta ya kitani, na ndani yake vijiko viwili
vya rangi ya udongo mwekundu.
Paka nyembamba. Subiri. Futa. Kesho tena.
Na zile kingo za juu na za chini,
asizozitazama mtu, nimezinywesha mara mbili,
maana uharibifu haupendi kupitia sebuleni.
Matambara nimeyatandaza ukutani, moja moja:
yakikunjwa pamoja yakiwa na mafuta
hujiwasha yenyewe, bila kiberiti.
Kuna familia za namna hiyo.

Mama, Zulmira, alikuwa na pazia la mistari
la kutundika nje, si ndani.
Alilishusha saa nane, akalipandisha jua likizama.
Tulimcheka: anaufunika mlango kama mgonjwa.
Nimelikuta kasikani, nondo wamelionja,
nikalitundika hivyohivyo.
Sasa alasiri vijua vitatu, ukubwa wa senti,
vinatembea juu ya mwaloni kutoka kushoto kwenda kulia,
vinatafuta, vinapita juu ya mkono wa chuma,
vinaendelea.

Usiku nikamwandikia Adérito:
Fundi asije. Njoo wewe.
Kengele imekufa, usihangaike nayo, bisha.
Zamu ya Mei ijayo ni yako.
Na njiani nunua msasa laini,
huku umekwisha.