Taa ya Nane

Miaka thelathini na mmoja tumeitazama hoteli hii
kutoka dirisha la jikoni, mimi nikiosha sahani,
wewe ukikausha: taa zake saba juu ya maji ya Schelde
na ya nane inayopepesa, isiyo na wa kuitengeneza.
Leo tumekaa chini ya hiyo ya nane.

Ni zawadi ya watoto. Bahasha, utepe wa buluu,
chakula cha jioni na malazi, watu wawili.
Dakika arobaini kwa gari juu ya tuta, kondoo wakituangalia,
nawe umevaa suti uliyomzikia kaka yako,
mfukoni bado mna karatasi ya nyimbo za kanisani.

Mhudumu ni kijana wa watu, masikio mekundu,
anatuita bwana na bibi kama majina ya kaburini.
Analeta siagi yenye mwani, mkate wa kumega kwa mkono,
kisha kome, sufuria nzima, mvuke wa mvinyo na vitunguu.
Wewe uliyewavua tangu una miaka kumi na mitano
huwali kwanza. Unawahesabu.
"Huyu amegoma," unasema, ukimweka ukingoni mwa sahani,
taratibu, mdomo wake umefumba,
kama ulivyokuwa ukimwacha Jikke wetu
siku alizorudi shule bila neno.

Mara tatu umeuliza bei.
Imeshalipwa, Krijn. Kula.
Nilidhani tukivuka maji tutapata la kusema,
kumbe ukimya wetu nao ulipanda gari,
ukakaa kiti cha nyuma, ukafunga mkanda.

Halafu ukaweka uma chini.
"Leuntje. Hukuzima taa."

Ng'ambo, chini ya giza la tuta: nukta ya manjano.
Mimi? Wewe ndiye uliyetoka mwisho.
Wewe ndiye uliyerudia miwani.
Miwani ipi, wakati ilikuwa usoni?
Meza ya jirani ilinyamaza itusikilize,
nasi tukanyamaza pia, maana tulikuwa tumeiona.

Ndivyo tunavyoonekana, basi.
Punje ya mtama.
Ndani ya punje ile tumelea watatu,
tumenuniana kipupwe kizima kwa ajili ya mashua iliyouzwa,
mama yako amekufa humo akidai chai.
Na kila usiku mtu wa huku, kijiko mkononi,
alitupa jicho juu ya maji, akasema labda, pale wapo watu,
akaendelea na supu yake.

Chumba namba kumi na nne. Chokoleti mbili juu ya mito;
yako umeifunga kwenye leso, ya mjukuu.
Mlango wa kabati ulilia, ukakaza bawaba kwa sarafu.
Mgeni hupewa jembe siku ya tatu,
wewe umelichukua ya kwanza, ukiwa na soksi tu.

Kitanda cha nyumbani kimebonyea katikati,
hutukutanisha hata tukiwa na kinyongo.
Hiki ni tambarare kama uwanja wa mpira.
Nililala ukingoni kwangu, wewe ukingoni kwako,
shuka baridi katikati, pana kuliko ghuba.
Hakukuwa na mteremko wa kusingizia.
Ilibidi mmoja wetu aanze.
Sitasema nani.

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, tope likimeta,
ndege wa miguu mirefu wakidonoa kifungua kinywa chao.
Uliitafuta taa yetu kwa mkono juu ya nyusi,
lakini jua lilikuwa limeimeza, na nyumba ilikuwa nyumba,
paa, bomba la moshi, uzio unaohitaji rangi.

"Bado inawaka," ulisema.
"Inawaka."
"Umeme unakwenda bure."
Ukamwita kijana wa masikio mekundu
ukaagiza yai la pili.