Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

Ulipoondoka, Nanjala, uliniachia vitu vitatu:
jiko la gesi lenye mguu mmoja mfupi,
deni la Mama Kerubo wa mboga,
na hili dungusi, likining'inia dirishani
katika ndoo ya mafuta uliyoitoboa kwa msumari.
"Dungusi tu," ulisema, begi begani. "Halina makuu."

Halina makuu!
Nikaliamini jina. Nikalitoa roshani lipigwe na jua la Januari,
maana dungusi ni la jangwani, nani asiyejua?
Likawa jekundu kama jicho la mlinzi wa usiku.
Vipande vyake, vimeshikana kama kaa waliogandana magando,
vikasinyaa.
Nikajuta, nikalimwagia maji asubuhi na jioni,
likaoza toka chini, likanuka tambara la jikoni.

Nikakata kilichopona, nikakifunga gazetini,
nikashuka nacho hadi Barabara ya Ngong, kwa Bi Kageha wa miche.
Akakitazama. Akanitazama.
"Huyu kwao ni msituni, juu, kwenye panda la mti,
penye ukungu na majani makuukuu.
Wala si kupe. Hamnyonyi mwenye mti hata tone.
Amepanga tu:
anakula kinachodondoka, anakunywa kinachopita."

Nilicheka peke yangu njiani.
Pangani, ghorofa ya nne, sina hata gao la udongo,
maji ni Alhamisi, bomba likiamka vizuri.
Tangu siku hiyo sikumwita tena "hilo".

Maganda ya mti, makaa yaliyopondwa, mchanga kidogo.
Kivuli cha pazia, si giza.
Kidole kwanza, maji baadaye.
Na yale maji ya kisima yanayoacha chaki kwenye birika, hapana;
mvua ikinyesha nakinga sufuria nje ya dirisha,
Musembi, mtunza ploti, akinitazama toka uani
kama anayehesabu kodi ya mwehu.

Juni ikaingia na baridi yake. Nikalala na soksi.
Yeye, usiku, kwenye ncha ya kipande,
akatoa kitu kama kichwa cha njiti ya kiberiti.
Kesho yake vitatu. Kufikia Jumapili, saba.

Jumatatu, barua chini ya mlango:
kodi imepanda, asiyeweza ahame mwisho wa mwezi.

Siwezi. Chumba nimeshapata, Kariobangi.
Ila Bi Kageha alinionya: akiwa na vitumba usimgeuze,
usimsogeze hata shubiri;
akipotewa na dirisha lake atavidondosha vyote.

Nikatafuta uongo wa heshima, mgonjwa, mazishi,
mwisho nikampandisha Musembi ngazi zote, nikamwonyesha.
Alisimama kitambo. Akavua kofia.
"Wiki mbili. Na usimwambie mtu ni kwa sababu ya ua."

Ukipiga simu kutoka Doha usiulize kama nimehama.
Uliza vimefunguka vingapi.

Mama Kerubo nimemlipa.
Jiko bado linayumba.