Gauni la Fedha

Jumba la makumbusho limeandika barua:
wanaliomba gauni la fedha, lile la themanini na tatu,
"katika hali nzuri iwezekanavyo."
Nimelitoa sandukuni, likadondosha shanga tatu
zikabingirika chini ya jokofu.
Kwapani bado lina tundu.

Nalijua tundu hilo. Ljubljana, nyuma ya jukwaa,
dada yangu Nevenka amesimama juu ya kreti la bia
mikono juu kama mateka,
nami sindano mdomoni. "Fanya haraka, we mtoto,
wataanza bila mimi."
Wangeanzaje?
Wavulana wanne na vinanda vyao vya umeme;
bila sauti ile walikuwa mafundi redio tu.

Waliitwa Simu Nyeupe. Nyumbani hatukuwa na simu.
Baba aliunda torpido kiwandani, sikio moja likafa,
Nevenka akazoea kuketi kuliani kwake
na kuimba akigeukia kushoto.
Tazameni kanda ya Belgrade, watu elfu ishirini:
shingo imepinda kushoto daima,
kana kwamba pale pembeni kuna mzee anakunywa supu.

Magazeti yaliandika viatu vyake, nywele zake,
safari za treni za kumfuata Enver hadi Skopje.
Mimba iliyotoka Novi Sad hawakuiandika.
Usiku uleule aliimba, nyimbo kumi na nne,
na mimi ndiye niliyelifua gauni
kwa maji baridi, kwenye sinki la hoteli.

Kisha nchi ikavunjika,
kila kipande na mhuri wake.
Enver yuko Malmö, anatengeneza lifti.
Ranko, mpiga ngoma. Tusimtaje Ranko.
Kampuni ya santuri ilituma hundi ya mwisho
kwa fedha isiyonunua hata nusu mkate,
fedha ya nchi iliyofutwa kwenye ramani za shule.
Dada anaitumia kuwekea alama kitabuni.

Siku hizi anauza tiketi bwawa la kuogelea, hapahapa Rijeka.
Daktari alimtoa kinundu kooni,
sauti ikarudi imevaa viatu vya mtu mwingine.
Watoto wanamwita shangazi wa tiketi.
Mama zao wanamkazia macho, wanajaribu kukumbuka,
yeye anawapa chenji.

Jana alikuja kulijaribu. Zipu ikagoma katikati ya mgongo.
Upepo wa bura ulikuwa ukigongagonga madirisha.
Akacheka,
na kile kicheko kikapanda, kikapanda,
hadi nota niliyodhani tumeizika miaka.
Akanyamaza ghafla, mkono kooni,
akanitazama kama mtu aliyesikia hodi.

Makumbusho wanauliza: tundu litazibwa?
Nimewajibu kwa kalamu, herufi kubwa:
hapana.
Na chini yake: mshonaji pia ana jina.