Natoa Vivuli

Mimi natoa vivuli, mkabala na mahakama.
Ukurasa shilingi mia, laminesheni elfu moja.
Mkinga wa Bulongwa: sheria sikusoma, nilisoma bei.
Basi usiniulize kama stashahada zinasaidia.
Kwangu zinasaidia. Zimelipa kodi ya kibanda hiki.

Subilaga Mwakalukwa alianza na shahada yenyewe,
kaifunga kwenye kitenge
kama mtu aliyebeba mayai ya kuazima.
Nikamtolea vivuli kumi na viwili,
kimoja kwa kila wakili kuanzia Forest hadi Kabwe,
na cha mwisho Tukuyu, maana wakili wa huko
aliwahi kukaa dawati moja na mjomba wake.

Alitaka mahali pa kujifunzia kazi tu,
hata bila mshahara, hata kwenye benchi la wateja,
aone hati ya madai inavyoandikwa
na mtu asiyesubiri maksi.

Kumi na mmoja walinyamaza. Mmoja alisema, "Tutakuita."

Akaongeza stashahada ya kodi.
Mama yake, Isyonje, akauza viazi, magunia saba,
lumbesa, yale yenye kilemba juu.
Akaongeza ya usuluhishi. Hapo akaondoka ng'ombe.
Akaongeza cheti cha mikataba, wiki sita,
ukumbi wa hoteli, sambusa, picha ya pamoja.
Bahasha ikanenepa.
Yeye akakonda.

Waliosema chema chajiuza
hawakuwahi kubana barua kwa pini asubuhi ya Julai,
Loleza imejifunika ukungu, vidole vimekufa ganzi.

Karani wa Wakili Anyosisye hunywa chai kwangu.
Akaniambia: "Mzee hasomi kurasa za nyuma.
Anaipima bahasha kwa mkono, kama nyama buchani.
Ikizidi uzito anauliza, huyu anakimbia nini?"
Nikaamini.
Mwezi uliofuata, karani yule yule, kikombe kile kile:
wamemchukua kijana mmoja kwa stashahada ya kodi,
kuna mteja wa mashine za mpunga kabanwa na makadirio.
Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari,
moja kuingia, moja kutoka.
Hesabu haifungi.

Siku hiyo Subilaga anangoja laminesheni ipoe.
Akaingia mtu wa Ilembo, viatu vina tope,
ana wito wa baraza la ardhi, anataka nakala,
hajui kuwa zimebaki siku mbili za kujibu.
Mimi niliona nakala. Yeye aliona tarehe.
Akaokota kwenye kapu kivuli kilichoharibika,
stashahada yake ya kodi, muhuri umekatika nusu,
akaugeuza upande mweupe, akaanza kuchora:
kijito hapa? Pareto ilianzia wapi?
Huu mparachichi nani aliupanda, na nani alimwona akiupanda?
Nimelamineti vyeti vya mji huu miaka tisa,
sijaona kinachofundisha swali hilo la mwisho.
Akamwonyesha mlango wa ng'ambo ya barabara.
"Mpe wakili karatasi hii. Leo, siyo kesho."

Karani anasema mzee aliitazama ramani kwa muda mrefu.
Kisha akaipindua.
Akasoma jina, akasoma stashahada, nusu ya muhuri.
Akaipindua tena.
Akasema, "Mwiteni."
Ni upande upi uliomwita, hakusema,
na karani, mtu wa maneno mengi, hakuuliza.

Katika vivuli vyote nilivyomtolea
hicho ndicho pekee ambacho sikumtoza.

Sasa ana benchi lake, karibu na dirisha.
Mshahara bado; wanasema baada ya miezi sita.
Jana alipita jioni, kitenge kile kile,
ndani kuna fomu ya kujiunga: stashahada ya sheria za ardhi.
Nilitaka kusema neno.
Nilikuwa nalo mdomoni kabisa.
Akaniuliza, "Vivuli vingapi vinatosha?"
Nikawasha mashine.