Nimekuja Kukata

Baba Kalaba, mfunge mbwa, watoto wasogee.
Nimekuja na mashine ya kukatia na jenereta ya kuazima,
kutoka Katuba kwa pikipiki, barabara ya Kipushi,
vumbi jekundu mpaka kwenye meno.
Nimekuja kukata mkono niliouunga mwenyewe.

Mwezi wa tatu uliniambia:
magunia yanavunja migongo, vijana wa kupakia wanadai kila jioni,
na mkono wa kiwandani, wenye karatasi zake,
bei yake ingejenga vyumba viwili na choo.
Nikasema nipe siku nne.
Nilikuwa na bomba mbili nene,
vyuma vya pembe nilivyonunua kwa kilo,
kipande cha reli ambacho hakuna aliyekiuliza kilitoka wapi.
Nikachomelea usiku wa manane, saa ambayo umeme unatulia.

Na kazi ilipendeza. Nasema ukweli, ilipendeza.
Niliipaka rangi ya chungwa iliyobaki kwenye geti la kanisa.
Ikanyanyua gunia mbili, kisha nne,
dada zako wakapiga vigelegele,
nami nikala bukari na samaki mkavu
kama mtu aliyejenga daraja.

Ila hatukupima.
Nani alijua trekta hili linabeba kiasi gani mgongoni?
Kibati chake cha namba kiling'oka kabla sijaoa.
Tulipima kwa macho,
na macho ya mwenye njaa ya kazi
huona kila kitu kinatosha.

Ijumaa Numbi alikuja kununua vijiti vya kuchomelea, akacheka:
eti trekta la Kalaba siku hizi linasalimia watu,
linainua magurudumu ya mbele
kama mbuzi anayetafuta majani ya juu.
Karakana nzima ikacheka.
Mimi koleo lilinianguka.

Kwa sababu mbele ikiwa nyepesi, usukani ni pambo.
Ukipanda ubavu wa kichuguu kile, na mzigo uko juu,
linajipindua kinyumenyume,
na aliyekuwa juu ya kiti
anakuwa chini ya kiti
kabla hajafikisha jina la mama yake katikati.

Naona umelifunga puani mawe meusi ya mgodini, uzito wa kusawazisha.
Wazo zuri.
Kwa kamba ya nailoni, Kalaba?

Lete maji. Sugua hapa, chini ya rangi.
Unaona? Unywele mmoja.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Walikuwa wanaongea na watu wa udongo.
Chuma hakikuachii muda wa kujenga kitu.

Na pini hii siyo yangu.
Hii ni nondo ya zege, tayari imepinda.
Yangu ilipotelea kwenye majani? Sawa, hupotea.
Lakini Mwewa, mwenye miaka kumi na moja,
ameniambia sasa hivi hapo getini, kifua mbele,
kwamba yeye ndiye husimama juu ya meno haya,
mnamwinua mpaka paa la ghala
akapigilie mabati.

Usiniambie ni mali yako.
Ni mali yako.
Mishono ndiyo yangu; naisoma kama mwandiko wangu wa shule,
na hapa, kwenye kona hii, niliandika haraka
kwa kuogopa umeme ungekatika.

Hizi hapa pesa, nusu.
Nusu nyingine ilishakwenda kwenye ada ya Chisola,
nitakuletea mwezi wa nane, pamoja na matusi yako ukitaka.
Vipande vikae huku huku. Tengeneza kitanda. Tengeneza kichanja cha sahani.
Kitu kisichopaa.

Sasa geukeni, msitazame cheche kwa macho matupu.
Zikizimika, magunia yatakuwa palepale,
chini, mazito kama jana,
tutayainamia wawili wawili.
Shika upande ule.
Mimi nashika huu.