Mvua Imepungua

Shaame aliporomoka mkarafuuni, shamba la Mtambwe,
tawi mkononi, makonyo bado mabichi.
Mfupa wa bega uliunga kwa wiki sita.
Maneno, hayo anayaokota moja moja,
kama arudiaye jamvi lililopitiwa na kuku.

Jumatatu alisema kikombe.
Jumanne, kikombe, mlango.
Alhamisi akaniita Tumu, jina langu,
nikaenda uani nikalilia ndani ya ndoo.

Ijumaa akaja Kombo na daftari.
Hakutukana. Alikaa barazani, akataja tarehe tu.
Nikaona jasho la Shaame, kidole kinagonga goti,
kikombe kikawa kile, mlango ukawa kile,
mimi nikawa kile.

Muuguzi wa Wete, yule mfupi, aliniambia:
ubongo ulioumia ni nyumba inayoezekwa upya.
Mtu akipiga ukelele chini, fundi huacha makuti,
hushuka kutazama kuna nini.
Na kwenu, akasema, fundi anashinda chini.

Basi simu nimeizika kwenye debe la mchele,
inalia humo kama panya.
Watoto nimewafundisha kugombana kwa jirani.
Kombo namngoja mwenyewe, njia panda, na bangili moja;
ya pili ingali mkononi, naisikia uzito wake
kila nikikuna nazi.

Leo kaonja mchuzi, kanitazama sana.
"Mvua," kasema. Akameza mate.
"Mvua imepungua."

Nikatia chumvi.
Sikumsahihisha.