Mstari wa Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu ya Machi, Tampere. Nje nyuzi kumi na nne
chini ya sifuri. Ndani, chumba cha nyuma cha maktaba,
makoti yetu yamelala juu ya kipasha joto
kama paka walionyeshewa.

Tuko wanne, na orodha.
Orodha ya programu zisizo na kitovu,
zisizo na mwenye nyumba wa kugonga mlango mwisho wa mwezi,
zinazoishi vipande vipande kwenye kompyuta za watu:
mwalimu huku, mwoka mikate kule,
kila mmoja kashika kipande, hakuna aliyeshika zima.

Hatuzitengenezi sisi. Tunazifungua,
tunazitikisa kama mtu anunuaye nazi,
kisha tunaandika sentensi moja ya kweli.
Kwani mali bila daftari...

Ya kwanza leo inang'aa.
Picha za misitu, neno UHURU kwa herufi nene.
Raakel, aliyepanga herufi za risasi gazetini miaka thelathini,
akashusha miwani: "Wino mwingi."
Ilpo hakusema kitu. Aliinama chini ya meza
akachomoa waya.
Uhuru ukawa kiduara
kinachozunguka, kinazunguka,
kinamtafuta bwana wake.
Tukaifuta. Sababu tukaiandika:
*Waya ulitoka, nayo ikatoka.*

Ya mapishi ikapita, ila Tuisku, mdogo wetu, alikomaa
tuonye kwamba jina lako litaonekana na kila mla supu.
Tulibishana juu ya neno "kila" kwa dakika ishirini.

Halafu mstari wa mia na kumi na mbili.
Programu ya kuandikia unene wa barafu, ziwa la Näsijärvi.
Mtengenezaji: Urho Kettula.
Barua tatu tumemwandikia. Miezi kumi na minne, kimya.
Kanuni, na kanuni hiyo niliitunga mimi,
inasema: mwaka bila jibu, futa.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe
(sifichi, nilikuwa nawaza basi la saa tatu).

"Si uifungue kwanza," Tuisku akasema.

Ukurasa wa kijivu. Hauna hata nembo.
Na chini yake:
*Leo, saa nane mchana, karibu na gati: sentimita arobaini na tatu.*
*Leo, saa tisa, penye mkondo: kumi na mbili. Usipite na mtoto.*
Jana, mistari mitano. Juzi, tisa.
Mikono isiyojuana,
kila mkono na keekee yake, tundu lake, rula yake,
ukimwachia mwingine neno
kabla hajakanyaga.

"Urho?" Raakel akasema, kama aliyeitwa kutoka chumba kingine.
"Tulimzika Januari ya mwaka jana.
Ardhi ilibidi ipashwe moto siku mbili ndipo ichimbike."

Kipasha joto kikagonga ndani kwa ndani.
Nikajiona: nimekaa mwaka mzima
nikibisha hodi kwa mwenyewe
wa kitu nilichokiorodhesha
kwa sababu hakina mwenyewe.

Nikafuta kanuni.
Penye *mtengenezaji* jina lake nimeliacha.
Penye *anayejibu* nilikaa sana,
nikaandika, nikafuta, nikaandika: *wanaopima.*
Raakel akasema herufi ndogo inatosha.
Ilpo akasema kesho zamu yake ya tramu inaanza mchana,
keekee ya baba yake ipo stoo,
labda ina kutu.

Basi la saa tatu limeshaondoka.

Mstari wa mia na kumi na tatu:
kikokotoo cha kugawana kuni za sauna.
Hakifunguki.
Tumekipa wiki mbili.